Sifuri katikati ya 403

Muhula unafungwa, na madaftari ya hesabu ya darasa la tatu yamerundikwa mezani. Kuyafungua tangu ukurasa wa kwanza kunaeleza mengi kuliko alama za mtihani.

Wiki za mwanzo, 58 − 23 haimsumbui mtu. Kisha inakuja 52 − 27, na majibu yanajaa 35. Ni rahisi kuweka alama nyekundu ya kosa na kupita, lakini 35 hiyo ina njia yake: mtoto ametoa 2 kwenye 7 akapata 5, halafu 2 kwenye 5 akapata 3. Aliambiwa namba ndogo hutolewa kwenye kubwa, naye ameitii kanuni hiyo safu kwa safu, bila kujali ipi iko juu. Ukimwambia "rudia", atairudia kanuni ile ile.

Hapo vijiti vinasaidia kuliko maelezo marefu. Kila wawili wapewe vijiti 52, wafunge mafungu 5 ya kumi kumi, viwili vibaki peke yake. Waambie waondoe 7. Mkono unasita juu ya vile viwili, kisha mmoja anafungua fungu. Sasa kuna mafungu 4 na vijiti 12. Ondoa 7, vinabaki 5. Ondoa mafungu 2, yanabaki 2. Jibu ni 25. Kila anachofanya mkono kiandikwe papo hapo: 5 ikatwe iwe 4, 2 iwe 12. Kuandika kukiahirishwa hadi kesho, vijiti hugeuka mchezo tu. Nalo neno "kukopa" kwa hatua hii linawachanganya, kwa sababu cha kukopa hurudishwa na hapa hakuna kinachorudi. Mimi naona heri kusema "fungua fungu".

Daftari la miraba nalo ni muhimu, tarakimu moja mraba mmoja. Bila hiyo, kwenye 305 − 47 ile 4 hujikuta chini ya 3.

Kazi nzito ni sifuri. Katika 403 − 168, mamoja hayatoshi, na mtoto akitazama makumi hakuna kitu. Anaruka hadi kwenye 4, anaifanya 3, na kuyapa mamoja 10: 13 − 8 ni 5. Kwenye makumi anarudi tena kwenye mamia, 3 inakuwa 2, 10 − 6 ni 4. Mwisho 2 − 1 ni 1. Anaandika 145, kwa mwandiko safi kabisa. Kosa liko kwenye ule mruko: amechukua mia, akatoa kumi tu. Fungu kubwa la mia lingefunguliwa kwanza liwe mafungu 10 ya kumi, moja ya hayo lifunguliwe kwa ajili ya mamoja, makumi yabaki 9. Yaani 3, 9, 13. Hapo 13 − 8 ni 5, 9 − 6 ni 3, 3 − 1 ni 2: jibu ni 235.

Hatua hii inastahili wiki nzima, na ratiba nyingi huipa siku moja. Muhula ujao, kila hesabu ya kutoa iachiwe mistari miwili chini yake kwa ajili ya kujumlisha. Aliyepata 145 ataandika 145 + 168, atapata 313, na ataona kwamba ili kufika 403 bado anadaiwa 90, ile aliyoipoteza kwenye mruko.