Ile plagi ya SATA

Mpwa wangu alikuwa anatafuta bisibisi kwenye droo ya chini, akaibuka na kitu kingine. "Mjomba, hili jino nani kaling'oa?" Alikuwa ameshika plagi ya SATA, ile ya kulishia umeme diski za kompyuta, nyeusi upande mmoja, plastiki yake imechuruzika kama nta. Kabla sijajibu alishaipeleka puani. Harufu bado imo.

Ilikuwa Februari 2021, mtambo wangu wa kuchimba Ethereum, mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ether, ungali kile chumba cha nyuma. Kadi 6 za michoro, zote RX 580 zenye kumbukumbu ya GB 8. Zile za GB 4 zilikuwa zimeshakufa kwa Ethereum mwishoni mwa 2020, maana faili la DAG, data ambayo kadi lazima iishike ili ichimbe, lilikuwa linakua kila baada ya bloku 30,000 (vifungu vya miamala) na hatimaye halikuenea tena kwenye kumbukumbu yao. Kila kadi nilikuwa nimeibadilishia biosi, programu yake ya ndani: kiini megahezi 1,150 kwa milivolti 850, kumbukumbu megahezi 2,050. Kila moja ilitoa megahashi 30, yaani majaribio milioni 30, kwa sekunde. Mzigo nilikuwa nimeupima kwa kusoma programu, na programu haikuwahi kulalamika.

Saa nane na robo usiku simu ikalia: kadi ya nne haionekani. Programu ikauwasha mtambo upya, kama nilivyoiagiza. Kadi ikarudi, ikafanya kazi dakika tano, ikapotea. Ikawashwa tena. Mara ya tatu nikachukua tochi, huku nikijiambia kwamba kumbukumbu nimeikaza mno. Nilipaswa kujua zaidi. Kumbukumbu iliyokazwa mno hutoa majibu mabovu na kundi la wachimbaji huyakataa. Haiifanyi kadi ijitokeze na kutoweka kama mtu anayepepesa macho. Kadi inayotoweka na kurudi, kwanza shuku riza, kile kibao kinachoiunganisha kadi na bodi mama kwa waya, na umeme wake.

Nilipofungua mlango hakukuwa na moshi. Kulikuwa na harufu tu, tamu ya kuchefua, inayokaa nyuma ya koo. Feni zote zilikuwa zinazunguka, hata za kadi ya nne, taa za kijani zinawaka, hali shwari kabisa. Nikapitisha kiganja juu ya nyaya bila kuzigusa. Kwenye riza ya nne joto likanipokea kabla sijafika. Mkono ulitaka kuichomoa pale pale, nikauzuia, nikaenda kuzima ukutani kwanza: plagi iliyolainika ukiivuta ikiwa na mzigo, pini zinaweza kugusana. Feni zikapunguza mwendo moja moja hadi kimya. Nilipoivuta, plagi ilikuja na nyuzi za plastiki kama ubani uliotafunwa. Waya wa njano ganda lake lilikuwa limegeuka kahawia urefu wa kidole. Pini moja ilikuwa nyeusi, jirani zake mbili zimepata rangi ya samawati, ile rangi ya chuma kilichopashwa moto. Nikakaa sakafuni nimeimulika tochi, nikaanza kuhesabu hesabu ambayo ilitakiwa ifanywe miezi minne kabla.

Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja imeruhusiwa ampea 1.5. Jumla ampea 4.5, yaani wati 54. Riza inashika nafasi ya sloti ya bodi mama, na sloti kamili inaruhusiwa kuipa kadi hadi wati 75. Kwa hiyo hata riza moja kwenye SATA ni kubahatisha. Mimi plagi ile nilikuwa nimeiwekea kigawanyo, inalisha riza mbili, kwa sababu vigawanyo vilikuja bure ndani ya boksi na nyaya za pini sita zilikuwa zimeniishia. Kila kadi ikivuta wati 40 tu kwenye sloti, zimeshakuwa 80, karibu ampea 6.7. Joto la pini hupanda kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo plagi ilikuwa inabeba joto zaidi ya mara mbili ya lile iliyotengenezewa. Ikipata joto, springi ya pini inalegea. Ikilegea, ukinzani unaongezeka. Ukinzani ukiongezeka, joto linazidi. Ndiyo maana ilivumilia miezi minne halafu ikaondoka usiku mmoja.

Na ulinzi wa pawa saplai? Ile ya wati 1,000 yenye reli moja, yaani volti 12 zote kwenye njia moja, inaweza kutoa ampea 80 hivi kwenye volti 12. Kwake ampea 7 ni mzigo mdogo tu. Kibaya zaidi ni ile amri yangu ya kuwasha upya. Niliiweka nisipoteze dakika za uchimbaji, na usiku ule ilirudisha mzigo kamili mara tatu kwenye plagi inayoyeyuka.

Matengenezo yalichukua mchana mmoja: riza zote zikahamia nyaya za pini sita zinazotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai, si zaidi ya riza mbili kwa waya mmoja, vigawanyo vikatupwa, king'ora cha moshi kikafungwa darini na kizima moto cha CO2 kikawekwa mlangoni. Nikanunua pia mita ya kuchomeka ukutani. Hiyo ndiyo iliyoniumiza. Programu ilikuwa inasema wati 90 kwa kadi, lakini kwa kadi hizi ile ni namba ya chipu peke yake. Kadi nzima ilikula kama 120. Mara sita ni 720, ongeza 80 za bodi na feni, gawanya kwa ufanisi wa asilimia 90: karibu wati 890 ukutani. Yuniti 21 kwa siku, 640 kwa mwezi. Faida niliyokuwa naisoma kila asubuhi ilikuwa na tundu, na sikujua.

Mwaka ule bado mtambo ulileta faida. Hesabu niliyoiogopa ni nyingine: hela ya kadi na ya umeme, ningenunua tu Ether siku ya kwanza, ningekuwa na ngapi? Nimeianza mara kadhaa, sijaimaliza. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikaacha uchimbaji, kadi za dunia nzima zikakimbilia Ethereum Classic na Ravencoin, ugumu wa kuchimba ukapaa, malipo yakawa hayafikii umeme. Kadi nikaziuza. Plagi ikabaki.

"Kwa hiyo hailipi," mpwa akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kubishiwa. Anataka kile kimashine kidogo cha Bitcoin cha kuchimba peke yako, terahashi 1.2 kwa sekunde, wati 18. Nikampigia hesabu: mtandao ukiwa eksahashi 600, mara milioni 500 ya hiyo, ni bloku moja kila miaka 9,500 kwa wastani, na tangu Aprili 2024 malipo ya bloku ni Bitcoin 3.125. Umeme ni yuniti 13 tu kwa mwezi.

"Lakini inaweza kuwa kesho."

Inaweza. Kila hashi ni jaribio jipya, hakuna foleni. Sikuwa na la kumjibu, nikauliza atakilisha kwa nini.

"Volti 5. Adapta ninayo."

Wati 18 kwa volti 5 ni ampea 3.6. Akaitoa mfukoni, tukaisoma pamoja: ampea 2. Nikamrudishia ile plagi anuse tena.