Skolashipu tumezipigia kelele sana, masupavaiza je?

Kila ikija mada ya kuimarisha PhD za afya ya jamii kwenye nchi za kipato cha chini utasikia skolashipu, skolashipu. Sawa, ada hailipwi kwa maombi. Ila mi naona wanaotaka kusoma wapo kibao, anayeweza kumshika mtu mkono mpaka amalize ndo adimu.

Angalia profesa wa kawaida, ana wanafunzi wa digrii ya kwanza, ana wa masta, vikao vya kamati haviishi, ana konsaltansi za kusukumia mwezi (simlaumu, mishahara tunaijua), halafu huyohuyo ndo anatumiwa chapta na wanafunzi wa uzamivu, zinakaa kwenye imeili miezi. Na mwanafunzi mwenyewe mara nyingi ni mhadhiri msaidizi hapohapo chuoni, mchana anasahihisha mitihani ya watu, usiku ndo anafungua tasnifu, data za epidemiolojia (magonjwa yanavyosambaa kwenye jamii) anazo ila mtu wa takwimu wa kukaa nae amwonyeshe hiyo regresheni (hesabu ya kuona kitu kimoja kinahusianaje na kingine) inasomwaje hayupo, sasa atamaliza lini?

Ndo maana CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za utafiti wa kunoa watafiti Afrika, wananikosha. Huu muungano ulianza 2008, unaongozwa na APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha Nairobi, pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, na wanachukua wafanyakazi wa vyuo wanachama. Mtu anasoma PhD yake kwenye chuo cha Afrika, ila kwa awamu anakutana na wenzake wa nchi nyingine kwenye semina za pamoja, ziko nne, mnaanza na kufikiri kitafiti, mnakwenda mpaka uchambuzi wa data na uandishi, ya mwisho inakuandaa na maisha baada ya PhD. Na wasimamizi nao wananolewa! Hapo ndo wengi huwa wanaparuka, kana kwamba ukiwa na PhD tayari unajua kusimamia ya mwenzio.

Makerere na Karolinska, chuo cha tiba cha Sweden, nao wamekuwa na PhD za pamoja, msimamizi huku, msimamizi kule, utafiti unafanyika Uganda. Nzuri, japo mipango ya hivi ikitegemea mfadhili mmoja inatia wasiwasi.

Vyuo navyo viache kupandisha watu vyeo kwa kuhesabu machapisho tu, usimamizi uwe na uzito wa kueleweka, na kuwe na ukomo wa wanafunzi kwa kila msimamizi. Mfadhili akileta skolashipu kumi aulize kabisa, hawa kumi nani atawasomea chapta zao, na muda huo chuo kimempunguzia vipindi vingapi?