Jua la 2016 tulilitazama kwa kofia, tena baharini

Kila likitajwa jua litakalopatwa 2027 watu washaanza kupeana ushauri ule ule wa kulitazamia kwenye ndoo ya maji au kupitia picha ya eksirei, na mie unanikera kwelikweli, mana jicho si kitu cha kujaribia. Wacha nieleze tulivyofanya sisi huku Unguja tarehe 1 Septemba 2016, hatukuwa na miwani maalumu na tuliliona vizuri sana.

Kwa nini baharini? Mchana mawingu hujikusanya juu ya kisiwa, nje mara nyingi kunabaki kweupe, na wingu likikukuta unahamisha chombo. Ndo mana kuna watu wanalipa mahela kupanda meli za kitalii kufuata jua likipatwa. Sisi tulichanga tu, elfu sitini na kitu na mafuta humo humo, tukatoka na boti la mjomba pale Malindi ya Unguja.

Cha muhimu ni maji. Jua hupatwa mwishoni mwa mwezi wa kuandama, kabla mwingine haujaandama, na hapo ni bamvua, maji yanajaa na kukupwa kupita kawaida, Unguja maji yanakupwa sana mnamo saa nne saa tano za asubuhi. Ukingoja saa hizo boti lishakaa mchangani. Mjomba alitutoa mapema.

Nje mwenzetu akatoa ndoo yake, eti wazee wote walitazamia ndoo. Kusi inavuma, boti linayumba, maji yanacheza, jua linakatika vipande vipande humo ndani na mng'aro unakupiga machoni vile vile! Na ndani kabisa ya jicho hakuna maumivu ya kukuonya, unaungua hujijui. Nikaimwaga, akanuna.

Sasa raha yenyewe. Nilivaa kofia yangu ya kushonwa kwa mkono, ile yenye vitundu. Nikamwambia mjomba tuweke funguni, boti likakaa Pange, fungu la mchanga linaloibuka maji yakikupwa, likatulia tuli, nikatandaza kanzu nyeupe ubaoni, nikalipa jua mgongo nikainua kofia juu ya kanzu. Ukiiweka karibu unaona vitundu tu, lakini inyanyue kama mita moja hivi, kila kitundu kinakuwa jua dogo, upana wa sentimita moja, na limeliwa ubavu! Kanzu nzima imejaa hilali, zote zinaelekea upande mmoja, na zinazidi kukonda mbele ya macho yetu. Mjomba akasema Subhanallah, akavua na yake. Hata yule wa ndoo aliacha kununa, akawa hataki kunirudishia kofia.

Kwetu halikuzibika lote. Pete, yaani ukingo wa jua kuuzunguka mwezi, ilionekana kusini, kama Rujewa kule Mbeya, na hata huko ukingo ulibaki mana mwezi ulikuwa mbali na dunia. Ila kwenye saa sita mwanga ulipoa, joto likapungua. Tukaswali swala ya kupatwa jua pale pale mchangani, rakaa mbili, kila rakaa rukuu mbili, mpaka maji yakaanza kurudi.

Tarehe 2 Agosti 2027 litazibika lote Luxor, Jeddah na Makka. Sisi tutapata kipande, halitazibika lote, kwa hivyo hakuna hata sekunde moja ya kulitazama kwa macho matupu. Litakuwa baada ya adhuhuri na bamvua inajaa, mafungu yanazama, kwa hiyo tafuteni chombo kizito kisichoyumba, na kofia iwe ya vitundu vidogo.