Mfereji wa sentimita 70

"Mwalimu, miaka kumi? Wewe mwenyewe unajua kesho utakula nini?"

Mzee aliyeniuliza hivyo alikuwa ameketi juu ya bidoni, yaani dumu la maji, uani kwa shefu wa avenyi, Januari 2013. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, maana swali lilikuwa la haki. Mkononi nilishika daftari la kurasa 96, lile la wanafunzi, na juu ya jalada nilikuwa nimeandika jina la mpango wetu: Avenyi yetu, 2013 hadi 2023.

Kwa wasioijua Bukavu, mji wetu mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: avenyi kwetu ndiyo ngazi ya chini kabisa ya utawala. Juu yake kuna karte, kisha komini, kisha mji wenyewe. Yetu ipo mteremkoni. Komini sitaitaja, maana haya yangeweza kuandikwa na mtu wa Cimpunda, wa Panzi au wa Bagira, na wengi wangedhani ni kwao. Juu kuna barabara, chini kuna kijito kinachokwenda Ziwa Kivu, katikati kuna nyumba za mbao, za matofali, za mabati, zimebebana kama watoto mgongoni. Mvua inaanza Septemba na haituachi mpaka Mei. Mwishoni mwa 2012 ukuta wa jirani ulilala usiku, ukafunika jiko lao na kuku sita. Hakuna mtu aliyekufa. Ndiyo maana tuliweza kukutana kwa utulivu na kuongea habari ya maji badala ya kuongea habari ya matanga.

Kila mtu alitaka mfereji wa maji ya mvua. Ubishi ulikuwa upana. Fundi alisema sentimita 40 zinatosha. Mimi nilikuwa na hesabu nyingine, na hapo ndipo safari ya daftari ilipoanza.

Kongo haijafanya sensa ya watu tangu 1984. Ukimuuliza mtu Bukavu ina watu wangapi, utapewa namba kulingana na anayeuliza na anataka nini. Kwa hiyo nilihesabu mwenyewe, na nilihesabu nyumba, kwa sababu nyumba haihami unapoihesabu. Januari 2011 nilipata 112. Miaka miwili baadaye nikapata 123. Parseli, yaani viwanja, zilikuwa zilezile, ila watu walikuwa wamezikata vipande: baba anaozesha mtoto, kijana anaongeza chumba nyuma, mjane anauza kona moja alipe karo. Ongezeko lile ni karibu asilimia 4.8 kwa mwaka. Kuna njia ya mkato ya makadirio: gawa 70 kwa hiyo 4.8, unapata miaka ya kujirudufu: kumi na minne na kitu. Na kwa mwendo ule, mwaka 2023 tungekuwa na nyumba 197.

Namba hizo hazikumgusa mtu. Nikarudia kwa bidoni. Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja. Paa la kwetu la kawaida lina meta za mraba 40. Mvua kubwa ya saa moja ikileta milimita 50, paa moja linamwaga lita 2,000. "Ni bidoni mia za lita ishirini," nilisema, "kutoka paa moja, kwa saa moja. Zidisha kwa nyumba 123. Halafu zidisha kwa 197." Mama mmoja anayebeba maji tangu utotoni akasema, "Mwalimu, bidoni mia?" Yeye alielewa kabla ya wote, kwa sababu anajua bidoni moja ina uzito gani. Mfereji ukawa sentimita 70. Fundi alinuna, lakini alikubali kwamba kuchimba mara moja kwa 70 ni nafuu kuliko kuchimba kwa 40 leo na kubomoa baada ya miaka minane.

Sasa fedha. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipokosea zaidi.

Kosa la kwanza lilitoka kwenye sheria. Nilikuwa nimesoma Katiba ya 2006, kifungu cha 175: asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya mikoa. Sheria ya Oktoba 2008 juu ya maeneo yaliyopewa madaraka inasema asilimia 40 ya fungu hilo la mkoa inashuka mpaka miji, komini, sekta na sheferi. Yaani katika kila franka 100, franka 16 zinatufikia sisi wa chini. Nikaziandika. Nikapiga hesabu, nikagawa kwa karte, nikatupatia fungu zuri kabisa kwenye safu ya mapato. Mtumishi mmoja wa fedha, mtu mpole aliyekaribia kustaafu, aliifungua ile kurasa, akaitazama muda mrefu. "Mwalimu, hii futa. Andika kile ambacho mkono wako umekwisha kukishika." Nilifuta. Safu ya mapato ikabaki na mstari mmoja: franka 500 kwa nyumba, kwa mwezi.

Kwa nyumba 123 hiyo ni franka 61,500. Waliolipa kweli hawakuzidi 70, kwa hiyo 35,000. Dola wakati ule ilikuwa karibu franka 920, basi tulikuwa na dola 38 kwa mwezi. Tukakubaliana kwamba katika kila franka kumi, tatu zinakwenda kwenye sanduku la kufagia kabla ya kitu kingine chochote: kuondoa mchanga, chupa, majani, kuziba nyufa. Zilizobaki, dola 27 hivi, zilinunua mifuko miwili ya saruji. Mfereji wetu ulikuwa na urefu wa meta 140 na fundi alikadiria mifuko 210. Miwili kwa mwezi ni 24 kwa mwaka, yaani karibu miaka tisa. Ile miaka kumi ya kwenye jalada, ambayo mzee aliicheka, ilitoka hapo tu.

Kosa la pili lilikuwa kuandika makadirio yote kwa franka. Mwisho wa 2017 dola ilikuwa imefika karibu franka 1,600. Zile 35,000 zetu, ambazo ziliendelea kukusanywa kwa uaminifu mkubwa, sasa hazikufika dola 22. Bajeti yangu ya 2018, niliyoiandika kwa mwandiko mzuri mwaka 2013, ilikuwa hadithi ya kuchekesha. Nikapiga mstari juu ya kurasa zote zilizobaki na kuanza upya kwa vipimo vingine: mifuko ya saruji, mikokoteni ya mchanga, mawe, siku za mtu. Kwa mfano "2018: mifuko 20, siku za mtu 90." Franka ziliandikwa pembeni kwa penseli, za mwezi huo tu.

Na kosa la tatu lilizaliwa na suluhisho la kosa la pili. Kwa kuogopa franka, tulinunua mifuko 18 kwa mpigo, Agosti, tukaiweka stoo kwa shefu ili "tuhifadhi thamani." Ikafika mvua. Novemba tulipoifungua, mifuko 11 ilikuwa imekuwa mawe. Saruji haivumilii unyevu wa Bukavu zaidi ya miezi michache. Mke wa shefu bado anatumia mmoja kama ngazi ya mlango wa jiko, na kila nikipita ananiambia, "Mwalimu, bajeti yako hii hapa."

Tangu siku hiyo akiba yetu ni mawe. Jiwe halinyauki, haliibiwi kirahisi, na dola ikipanda lenyewe linabaki jiwe. Jumamosi za salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, tukaweka desturi: anayepanda kutoka kijitoni apande na jiwe moja, mtoto na lake dogo, kijana na la begani. Lundo lilikaa wazi, kila mtu akipita analiona. Hakuna taarifa ya fedha niliyowahi kuandika iliyosomwa na watu wengi kama lile lundo.

Kulikuwa na ugomvi mwingine, wa wapi pa kuanzia. Wa juu, karibu na barabara, ndio waliolipa vizuri zaidi, nao walitaka meta za kwanza zijengwe kwao. Fundi alikataa kata kata. Mfereji unaanzia chini. Ukijenga juu kwanza, maji yanapata mbio na kumpiga wa chini ambaye bado ana udongo mtupu. Ilibidi tuwaeleze waliolipa kwamba watangoja miaka sita. Familia nne ziliacha kulipa kabisa, mbili zikarudi baadaye. Sikuwalaumu wala siwalaumu.

Mwaka 2016 sanduku la kufagia lilikopwa. Kulikuwa na kilio kikubwa kwenye avenyi, watu wakasema tutarudisha, na kwa kweli nani angesimama mbele ya wafiwa aseme hapana? Mimi sikusema. Miezi minne mfereji haukusafishwa. Oktoba chupa za plastiki zikaziba kwenye pembe, maji yakatoka pembeni, yakala udongo nyuma ya ukuta, na meta tisa za kazi ya mwaka mzima zikalala. Kuzirudisha ilichukua mifuko 14. Fedha iliyokopwa ilikuwa sawa na mifuko mitatu. Na chupa zetu haziishii kijitoni. Zinaingia ziwani, ziwa linazisukuma mpaka kwenye mto Ruzizi, na kwenye bwawa la umeme zinakwama mbele ya mitambo. Umeme ukikatika huwa tunailaumu SNEL, shirika la umeme. Mara nyingine ni chupa yako ya Jumapili.

Kazi iliyonisumbua zaidi ya zote haikugharimu hata franka moja: kuacha nafasi tupu. Pande zote mbili za korongo la mfereji tulipanga meta mbili zisizojengwa, kwa ajili ya maji, ya kupita kusafisha, na ya kukimbilia moto ukitokea wakati wa kiangazi, maana nyumba za mbao zikishika moto hakuna gari la zimamoto litakaloshuka pale. Tulipigilia vijiti vyenye rangi nyekundu, shefu akasaini, mashahidi sita wakasaini. Baada ya wiki mbili vijiti vinne vilikuwa kuni.

Warithi wa parseli moja walitaka kuongeza chumba humo ndani. Mkubwa wao aliniambia bila hasira, "Mwalimu, mnataka nilaze watoto juu ya mpango wenu?" Sikuwa na jibu. Jibu lilitoka kwa yule mama wa bidoni. Alisema ardhi tupu mteremkoni haimalizi wiki, basi isiwe tupu, wapewe wamama walime lengalenga, yaani mchicha, na matembele, na kwenye ukingo tupande majani ya ng'ombe, yale yenye mizizi mingi. Familia ile ilipewa kipande kirefu kuliko wengine. Mwenye bustani hulinda mpaka wake kuliko mwenye saini, hasa mchicha ukiwa unauzwa. Mpaka leo kwenye zile meta mbili kumejengwa kibanda kimoja tu, cha kuku, nacho ninakivumilia.

Komini tuliiendea kila mwaka kabla bajeti mpya haijafungwa, kwa sababu mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Januari, na ukija na ombi mwezi wa pili unakuta kila kitu kimegawanywa. Mara ya kwanza tulipeleka daftari lote. Halikufunguliwa. Mara ya pili kurasa tano. Mara ya tatu ukurasa mmoja: tumejenga meta 96, tunasafisha kwa fedha yetu wenyewe, tunaomba kitu kimoja tusichokiweza, mabomba ya zege ya kuvusha maji chini ya njia ya magari. Tulipewa mwaka uliofuata. Sidhani ukurasa ndio uliowashawishi. Nadhani ni yale maneno kwamba usafi tunaugharamia wenyewe, maana kila ofisi inaogopa kujenga kitu ambacho kesho itaitwa kukitengeneza.

Meta ya 140 ilimalizika 2022. Januari 2023 nikahesabu nyumba, nikiwa na hamu ya kujua kama 197 yangu ilikuwa sahihi. Zilikuwa 231. Wengine walitoka vijijini kukimbia bunduki. Kisha mwezi wa tano mwaka huohuo, baada ya mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, nyumba mbili zaidi zikapokea ndugu na kujenga nyuma. Asilimia 4.8 haikujua habari ya vita. Sentimita 70 zilishika hata hivyo, ila mvua ya Aprili niliona maji yamebakiza vidole vitatu kufika ukingo, nikasimama pale na mwavuli kama mlinzi.

Februari 2025 vita viliingia mjini, benki zikafunga milango, watu wenye akaunti wakabaki na makaratasi. Baadhi ya avenyi jirani zilikuwa na michango yao huko. Sisi tulikuwa na lundo la mawe, mikokoteni sita ya mchanga, na sanduku la kufagia lenye noti chakavu ambazo wauzaji walizikataa kwa sababu ya michaniko. Vijana wa kusafisha tuliwalipa kwa matembele kutoka korongoni mpaka noti nzima zilipoanza kuonekana tena.

Daftari la pili lipo sasa, na halishikwi na mimi. Linashikwa na binti niliyemfundisha hesabu darasa la sita, ambaye hahesabu nyumba tena, anahesabu majiko, kwa sababu anasema nyumba moja siku hizi inaficha familia tatu. Amepata 318. Fundi, yuleyule aliyetaka 40, anasema mfereji wa upande wa pili lazima uwe na sentimita 90. Mimi niko kwenye 80. Jumamosi tunapima.