Kreti la soda pale kituoni

Mwezi wa saba nilikuwa likizo Mbeya. Baridi ya kule mnaijua, asubuhi ukiongea moshi unatoka mdomoni. Nikamsindikiza mama kliniki, tukasimama kituoni tungoje Hiace za Uyole. Kibanda kipo, tena bati jipya na benchi la zege. Shida ni kwamba kati ya kibanda na lami kuna mtaro wazi, kwa hiyo magari yanasimama hatua kama thelathini mbele, penye kivuko. Gari likitokea, watu mbio. Magoti ya mama hayakimbii. Zikatupita tatu.

Ya nne, konda akamwona. "Shikamoo mama, njoo taratibu." Sasa ikabaki kupanda. Ukisimama chini kwenye changarawe, ngazi ya mlango iko juu mno kwa mtu mzima. Konda akamshika kwapa, mimi nikasukuma kwa nyuma, haikusaidia. Ndipo dada muuza nyanya aliponyanyuka kwenye kreti la soda alilokalia, akaligeuza, akaliweka chini ya mlango. Mama akakanyaga, akapanda. "Ndaga fijo, mwanangu," asante sana kwa Kinyakyusa.

Mimi naishi Kassel, Ujerumani, na mji huu una jiwe lenye jina lake. Ni jiwe la ukingo wa kituo, lililobuniwa hapa, na sasa utalikuta miji mingi ya Ulaya. Limeinuka sentimita 16 au 18 hivi, na uso wake unaoelekea barabarani umechongwa mbonyeo. Dereva analiegemea, tairi linajiongoza lenyewe kwenye ule mbonyeo bila kuchubuka, basi linasimama karibu kabisa na jiwe. Mabasi yenyewe hayana ngazi mlangoni, na yanainama upande wa abiria, pumzi inatoka fyuuu, kama ng'ombe anayelala. Kikongwe anaingia na kigari chake cha kutembelea bila kumwomba mtu. Chini kuna vigae vyenye mistari iliyoinuka. Asiyeona anaifuata kwa fimbo mpaka mlango wa mbele ulipo.

Nisiwapambe sana. Sheria yao ililenga kwamba kufikia Januari 1, 2022 usafiri wa umma uwe hauna kizuizi kwa mtu yeyote. Tarehe ikapita, vituo vingi bado. Changu cha jirani kina nguzo tu, ile alama yenye herufi H, na ratiba iliyopauka kwa jua. Na usitegemee muuza nyanya.

Watu wakiomba kituo kule nyumbani wanaomba paa. Mvua za Mbeya tunazijua, sibishi. Ila paa lisilo mbele ya mlango wa gari ni la wauza vocha. Ningepewa pesa kidogo, ningefunika mtaro kwanza, nikainua ukingo kimo cha lile kreti au pungufu, nikachora mstari Hiace isimame hapo hapo. Paa lifuate. Barabara ya njia nne inajengwa kule Mbeya, Nsalaga hadi Ifisi. Ukingo wa vituo uinuliwe sasa, zege likiwa bado bichi.

Juzi nimempigia mama kumuuliza kliniki ya safari hii, aliyokwenda bila mimi, ilikwendaje. Akaanza kucheka kabla hajajibu. Kapandia kreti lile lile, konda amelisahau ndani ya gari, wakafika nalo Uyole, na dada wa nyanya alishinda amesimama mpaka jioni.