Land Rover 109: breki za dramu, handibreki, na mafuta yaliyopotea njia

Jumamosi ya kwanza

Gari ni Land Rover Series III ya 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), breki za dramu, ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, miguu yote minne, za inchi 11. Mara ya mwisho nilipoteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, kila nikikanyaga breki usukani unavuta kushoto. Nilipopaki, handibreki ikashika nusunusu, ikabidi nitafute jiwe.

Nilianza na kosa la kipumbavu. Nimelegeza nati za gurudumu la nyuma kushoto, nimevuta handibreki, nimepiga jeki. Tairi kuachana na ardhi tu, gari likaanza kutembea. Nikaruka pembeni, jeki ikalala chini. Sikuumia, lakini kwa nusu saa nilikaa kwenye ndoo natazama tu.

Jambo lenyewe nilikuwa nalijua, ila kwa kichwa, si kwa miguu. Handibreki ya gari hili haishiki magurudumu. Ni dramu moja nyuma ya transfa (giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma), inaikamata propela ya nyuma, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu (gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) inaliacha lizunguke huko hewani, na mwenzake aliye chini anabiringika bila kizuizi. Hafushafti, ile ya kutoka difu hadi gurudumu, ikikatika ni hivyohivyo, handibreki huna. Sasa naweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, nabonyeza nobu ya njano ya kuunganisha foo-wili ili propela ya mbele nayo ifungwe na handibreki, halafu naweka stendi chini ya ekseli. Ndipo naingiza mikono.

Jumapili

Dramu ya mbele kulia iligoma kutoka. Skrubu zake tatu nimezifungua, nimegonga kwa nyundo ya mbao, wapi. Fundi mzee wa jirani alipita akacheka.
"Shikamoo fundi."
"Marahaba. Ajasta umezirudisha nyuma?"
Sikuwa nimezirudisha. Ajasta ndizo zinazosogeza shuu, vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani, karibu na dramu. Dramu ikiliwa inaacha ukingo pembeni, na shuu zinanasa humo. Kwenye 109 kila shuu ina ajasta yake nyuma ya bamba linaloshikilia shuu, kwa hiyo mguu mmoja una mbili. Nikazilegeza zote, dramu ikaja kwa mikono.

Vumbi sikulipuliza. Lainingi (tabaka la msuguano juu ya shuu) za zamani zilikuwa na asbesto, na sijui hizi alizifunga nani mwaka gani. Maji ya sabuni na brashi, basi. Nikapiga picha za springi kabla ya kugusa kitu.

Mbele kuna wili silinda (visilinda vyenye pistoni inayosukumwa na mafuta ya breki) mbili kila upande, kila moja inasukuma shuu yake, na gari likienda mbele shuu zote mbili zinavutwa na dramu na kujikaza zenyewe. Ndiyo maana 109 inasimama vizuri ikienda mbele, na ukirudi nyuma mlimani breki za mbele unazikuta legelege. Huo si ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa huu: shuu moja ya kulia inang'aa, ya pili ina kutu usoni, haijagusa dramu siku nyingi. Pistoni yake imeganda. Breki za kulia zinafanya kazi nusu, za kushoto zinafanya yote, usukani utaachaje kuvuta kushoto? Nikanunua wili silinda mpya nne, kulia na kushoto, maana kubadilisha upande mmoja ni kuhamisha tatizo tu.

Jumamosi ya pili

Nyuma kushoto, shuu zimelowa chapachapa. Swali ni mafuta gani. Nilichukua kidogo kwa kidole nikakitia kwenye kopo la maji. Mafuta ya breki yangechanganyika na maji. Haya yalielea, mazito, na harufu ile ya kiberiti ya oili ya difu. Kwa hiyo wili silinda haina kosa. Oili sili ya habu (kitovu cha gurudumu) imechoka, na kitundu cha kupumulia juu ya ekseli kimejaa tope, joto likipanda presha inatafuta pa kutokea. Nilikizibua kwa waya kabla ya kufunga sili mpya.

Kuna wanaochoma shuu zilizolowa kwa petroli na kuzirudisha. Mimi nilishajaribu kwenye pikapu nyingine. Wiki moja unafurahi, halafu dramu ikipata moto oili inatoka tena ndani ya lainingi. Nimenunua mpya.

Handibreki nayo hadithi ileile. Nimefungua nati nne za propela kwa spana ya 9/16, dramu imetoka, ndani oili ya transfa. Sili ya nyuma ya transfa mpya, shuu mpya. Ajasta nikaikaza mpaka dramu ikashika, nikairudisha mibofyo miwili.

Jumapili ya pili

Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki. Nimeanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (ile inayosukumwa na pedali), nyuma kushoto, nikamalizia mbele kulia. Mdogo wangu anakanyaga, mimi nafungua skrubu ya kutolea upepo kwenye wili silinda: "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Mafuta yaliyotoka yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Yananyonya maji kutoka hewani, na yakiwa na maji yanachemka mapema. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, yaliyokwisha kunyonya maji yanaweza kushuka hadi 155. Kwa mteremko wa Lushoto hilo si jambo la kupuuza.

Majaribio: usukani umenyooka. Handibreki nimeijaribu gari likiwa limesimama mlimani, kamwe si likiwa mwendoni, maana inaipiga propela na difu kwa kishindo. Gari likasogea kidogo, mchezo wa meno ya difu, kisha likatulia. Jiwe likabaki kwenye buti.

Usiku nilitandika kadibodi chini. Asubuhi, chini ya transfa pakavu, chini ya habu pakavu. Matone mawili mbele kabisa, hayo ni ya injini.