Curl mpya, libcurl ya zamani

Jamani, jana nimekompaili curl, programu ya kuvuta data mtandaoni kwa amri, kutoka msimbo chanzo kwenye Ubuntu 22.04, make install ikapita bila kelele. Naandika curl --version: programu toleo la 8, libcurl (maktaba inayoitegemea) toleo la 7! Ikabidi niulize ldd, amri inayoonyesha programu inachukua maktaba zake wapi, nayo ikamtaja mchawi: libcurl.so.4 inachukuliwa /usr/lib/x86_64-linux-gnu, wakati mpya imejikalia /usr/local/lib. Jina ni lile lile, basi mfumo unachukua iliyomo kwenye kashe yake, yaani orodha ya maktaba iliyojiwekea. sudo ldconfig ili kashe hiyo ijengwe upya, kwisha kazi.

Wengi watakwambia uweke LD_LIBRARY_PATH, kigezo cha folda za kutafutia maktaba, kwenye .bashrc, faili la mipangilio ya teminali. Mimi sishauri, maana kila programu utakayoiwasha kwenye teminali hiyo itaanzia kwenye folda hizo hizo kutafuta maktaba. Ukisakinisha kwenye /opt, bora upachike njia ya maktaba ndani ya programu yenyewe kwa -Wl,-rpath mapema, kwenye LDFLAGS (chaguo za kiunganishi wakati wa kukompaili).